Root Ndiye Nani?

Jamani, mimi nilitaka picha kwenye kioo tu, sikuomba funguo za hazina.

Nafungua steshenari yangu hapa Ngamiani, nawasha kompyuta, kioo cheusi tii. Maandishi meupe yananiambia sina ruhusa, mpaka root. Root ndiye nani? Kodi nalipa mimi, luku nanunua mimi, huyo root hata uniti moja hajachangia! Mbele yangu kasimama mama mmoja, mkate wa ajemi kaukumbatia, anataka kadi za harusi hamsini. Harusi Ijumaa.

Nampigia mpwa wangu. Ndiye aliyeniwekea hii Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, akaenda zake Muheza. Masikio yangu haya, nikaweka spika.

"Mjomba, ile programu ya kuonyesha picha, Xorg, inaigusa kadi ya grafiksi moja kwa moja, mpaka kwenye memori yake. Mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kufika huko, ni root tu, mkuu wa mashine mwenye ruhusa zote."

Yaani fundi mapazia kaja kupima dirisha la sebuleni, anataka funguo za vyumba vyote, na kabati la mke wangu humo humo!

Tena ananiambia wenzetu walishaondokana na hayo. Kerneli, moyo wa Linux, ilianza kuipanga skrini yenyewe 2009, na Xorg ya 2014 inaweza kwenda bila root. Sasa mbona mimi?

"Kadi yako ya zamani, mjomba. Draiva yake, ile programu ya kuiendesha, haijui mambo hayo."

Ya zamani! Nimeinunua mwaka juzi. Mtumba, sawa, lakini mwaka juzi.

"Na jana mbona iliwaka yenyewe?"

"Jana usiku niliingia kwa mbali nikaivua Xorg ule uroot. 2018 lilipatikana tundu humo, mtu yeyote aliyeingia kwenye mashine angeweza kujigeuza root. Nikasahau kukwambia."

Kasahau. Mtoto kanifungia duka ili mwizi asiingie, na mimi kanifungia nje.

Haya, paswedi ya root. Akanitajia, nikabonyeza. Hakuna kitu. Si herufi, si nyota. Nikabonyeza kwa nguvu, kibodi ikalia kama mlango wa daladala.

"Haionekani makusudi mjomba, ni siri."

Nikaandika mara ya pili, ikakataa. Ya tatu, ikakataa.

Mama akahamisha ajemi kwapani, akaniinamia: "Baba, kasema 'tangarahaa', a mbili mwishoni. Wewe wabonyeza moja."