Udongo Ulaya darasani: majengo na siasa, somo moja au mawili?

Mwalimu wa Jiografia na Mazingira akifika kwenye mada ya majengo endelevu, mara nyingi huchora nyumba yenye sola juu ya paa, simtanki la maji ya mvua pembeni na mti mbele ya dirisha. Kipindi kinachofuata anaingia mwalimu wa Historia ya Tanzania na Maadili, anafuta ubao na kuandika: African Association 1929, TANU 7 Julai 1954, Uhuru 9 Desemba 1961, Azimio la Arusha 5 Februari 1967. Mwanafunzi ni yuleyule, dawati ni lilelile, joto linaloshuka kutoka kwenye bati ni lilelile. Mada hizo mbili hupishana mlangoni bila kusalimiana.

Shule za msingi zilikuwa na Maarifa ya Jamii, ambamo historia na jiografia zilikaa pamoja. Mtaala ulioanza kutekelezwa kwa awamu Januari 2024 umezitenga. Kwa hiyo mwalimu wa Dar es Salaam anayetaka kufundisha vuguvugu la kisiasa la karne ya 20 kupitia majengo ya jiji lake anapaswa kuamua mwenyewe: aunganishe, au aache kila somo lishike njia yake? Pande zote mbili zina hoja nzito kuliko inavyodhaniwa.

Anayetaka kuunganisha ana jiji zima la kumtetea. Mtaa wa Lumumba, ilipokuwa ofisi ya TANU, na Soko la Kariakoo ni mwendo wa miguu tu. Soko hilo lilibuniwa na msanifu wetu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Paa lake ni miavuli ya zege iliyotanuka juu na kukusanyika kwenye nguzo, hivyo mvua inaingia kama kwenye faneli na kuteremshwa kuhifadhiwa chini. Pembeni hewa inapita bila feni. Mtoto akisimama chini ya mwavuli mmoja na kufuata kwa macho njia ya tone la maji, anaelewa kwamba watu waliojitawala walilazimika kuamua mambo madogo sana: muuza mchicha akae kivuli gani, na maji ya kuosha soko yatoke wapi. Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, upo Ukumbi wa Nkrumah, ulipofanyika Kongamano la Sita la Umajumui wa Afrika Juni 1974. Paa lake la zege lililokunjwakunjwa lilikuwa nyuma ya noti ya shilingi 500, iliyokwisha kuondolewa kwenye mzunguko. Historia ya aina hii haihitaji kukaririwa.

Lakini hapo hapo pana mtego. Mwalimu akishaonyesha kwamba soko lina hewa na linavuna mvua, sentensi inayofuata humtoka yenyewe: "Ujamaa ulijenga majengo endelevu." Hiyo si kweli, au tuseme jengo haliwezi kuithibitisha. Zege lililopindwa kwa ustadi lilipendwa na tawala za kila namna karne ile. Asmara, huko Eritrea, ina kituo cha mafuta cha Fiat Tagliero, kilichojengwa mwaka 1938 chini ya ufashisti wa Italia, chenye mabawa ya zege yanayoelea bila nguzo. Ni kazi ya kupendeza, na waliokijenga walikuwa wakikandamiza watu wa nchi ile. Mwanafunzi aliyezoezwa kusoma siasa kutoka kwenye umbo la paa atafika Asmara na kupotea.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi, na wanaopenda ziara za majengo huigusa kwa nadra. Majengo yaliyosimama ni shahidi wa upande mmoja. Serikali hujenga kwa zege, mkulima hujenga kwa miti na udongo. Mwishoni mwa mwaka 1973 ilitoka amri kwamba kufikia mwisho wa 1976 watu wa vijijini wawe wamehamia kwenye vijiji vilivyopangwa. Mamilioni walihama. Baadhi walihamishwa kwa nguvu, na kuna mahali nyumba zilibomolewa au kuchomwa moto ili wenyewe wasirudi. Hizo nyumba hazipo, kwa hiyo hakuna ziara ya kwenda kuziona. Hata Kariakoo kwenyewe, nyumba za Kiswahili zenye korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani nyuma na baraza mbele, ambamo kadi za TANU zilipita mkono kwa mkono na akina mama walihamasishana pamoja na Bibi Titi Mohamed, nyingi zimeangushwa kupisha maghorofa. Anayefundisha siasa kwa kutumia majengo yaliyobaki tu anafundisha siasa ya wenye nondo.

Mtu akiishia hapo ataona heri kutenganisha. Mimi naona hapana, na sababu yangu iko kwenye waraka mmoja ambao ungestahili kusomwa katika masomo yote mawili.

Mwaka 1977, akitathmini miaka 10 ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba watu wameng'ang'ania saruji na bati kiasi cha kudumaa kimawazo. Saruji, kwa maelezo yake, ni udongo tu, ila udongo wa Ulaya. Watu wanakataa matofali ya kuchoma na vigae vya udongo wa kwao, wanakaa kusubiri bati. Na kweli Waswahili walikwisha kuiita saruji "udongo Ulaya". Hapa siasa na ujenzi viko kwenye sentensi moja, kutoka kwa kiongozi mwenyewe, na mwalimu hahitaji kubuni uhusiano wowote.

Mwanafunzi akiusoma waraka huo kwa macho ya leo, jambo la kwanza atakalosema ni kwamba Nyerere alikuwa mwanamazingira. Ndipo kazi inapoanza. Kujitegemea kunauliza: hiki kimetoka wapi, na nani anakimiliki? Uendelevu unauliza: kimekula nishati kiasi gani, kitadumu muda gani, na nani atavuta moshi wake? Maswali haya hukutana mara nyingine, mara nyingine yanaachana kabisa.

Chukua saruji. Kiwanda cha Wazo Hill kilianza uzalishaji mwaka 1966, kwa hiyo kufikia 1977 udongo Ulaya ulikuwa unatoka Tegeta. Kwa kipimo cha kujitegemea, saruji ilikuwa imerudi nyumbani. Kwa kipimo cha mazingira hakuna kilichobadilika: mawe ya chokaa huchomwa kwenye joto la takribani nyuzi 1,450, na zaidi ya nusu ya kaboni inayotoka haitoki kwenye mafuta ya tanuru bali kwenye jiwe lenyewe linapovunjika. Ukibadilisha nishati, hiyo nusu inabaki.

Sasa chukua tofali la kuchoma alilolipendekeza. Limefinyangwa hapa, na aliyelifinyanga ni mtu wa hapa. Lakini tanuru la kienyeji ni rundo la matofali yenyewe yaliyosilibwa udongo nje, moto ukiwashwa kwenye mashimo ya chini. Joto jingi linapotelea pembeni, matofali ya nje yanabaki mabichi na huvunjika yakinyeshewa, na kuni zinazotumika ni nyingi. Penye pumba za mpunga za kuchomea, hesabu inakuwa nyingine. Penye msitu tu, kujitegemea kunakata miti. Na hapa Dar, ambako sehemu kubwa ya ardhi ni mchanga, tofali lenyewe litasafirishwa kwa lori kutoka mbali. Ushauri mmoja wa kisiasa una majibu matatu ya kimazingira kutegemea mahali. Hiki ndicho kipindi ninachotaka kifundishwe, na hakiwezi kufundishwa kama mada zimetengwa.

Njia ya kati nayo ipo. Wakala wa utafiti wa nyumba bora na vifaa vya ujenzi, NHBRA, umekuwa ukieneza matofali ya kufungamana: udongo na saruji kidogo, yanafyatuliwa kwa mashine ya mkono, hayachomwi, na yanapangwa bila udongo wa kuungia katikati. Darasa linaweza kufanya kipimo chake bila mashine. Jaza udongo mbichi ulioshindiliwa kwenye kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana 4 na kina 4. Uache ukauke kivulini siku 7, kisha usukume upande mmoja na upime mwanya uliobaki. Mwanya mkubwa maana yake mfinyanzi ni mwingi, na saruji itahitajika zaidi. Mafundi hukosea kwenye kukausha: tofali lililofyatuliwa leo likiachwa juani bila kufunikwa na kumwagiliwa kwa wiki nzima, saruji inakosa maji ya kufanyia kazi, na kona zinamomonyoka kwa kidole.

Jengo la kuanzia basi lisiwe Kariakoo. Liwe darasa lenyewe, kwa sababu linapimika na halina sifa ya kulindwa. Vipimajoto vitatu vinatosha: kimoja karibu na dirisha, kimoja katikati kwenye kimo cha mtoto aliyekaa, kimoja sentimita 30 chini ya bati au dari. Visigusane na ukuta wala kupigwa na jua. Visomwe saa 2 asubuhi, saa 6 na saa 8 mchana kwa siku tatu, na kila mara iandikwe idadi ya watu waliomo, maana wanafunzi 60 ni jiko. Namba ya joto inayoonyeshwa na simu haifai. Hiyo ni taarifa ya hali ya hewa ya eneo zima, simu haijui kilichomo chumbani.

Kisha uzi. Funga uzi mwembamba wa pamba wa sentimita 30 kwenye nondo ya kila dirisha. Fungua madirisha ya upande mmoja tu: uzi unaning'inia wima, labda ncha inatikisika. Fungua ya upande wa pili, na nyuzi zote zinanyanyuka kwa pamoja: za upande upepo unakotoka zinalalia ndani, za upande wa pili zinalalia nje. Watoto wataona upepo umeingia kwa sababu umepewa pa kutokea. Kuanzia hapo ni rahisi kueleza kwa nini kuta nene za matumbawe za Boma la Kale, la enzi za Sultani Majid, zisingetosha peke yake. Dodoma usiku hupoa na ukuta mnene unatua mzigo wake wa joto. Dar ya Januari usiku haipoi vya kutosha, kwa hiyo kinachookoa ni kivuli na upepo: kaskazi miezi ya joto, kusi kuanzia masika. Jua la adhuhuri hapa liko upande wa kaskazini tangu mwanzoni mwa Machi hadi Oktoba, kisha linahamia kusini. Upenu wa kutosha unalizuia pande zote mbili. La jioni linakuja chini chini kutoka magharibi, na upenu hauliwezi. Ghorofa la vioo lililogeuzia uso magharibi linalipa bili ya umeme kwa kosa la mchoro.

Maji nayo yahesabiwe. Paa linalofunika mita 8 kwa 7 ni mita za mraba 56. Mvua ya milimita 10 ni lita 560, na ukiondoa ya kurukia nje na kupotea, chukua asilimia 80: lita 448. Kosa la kawaida ni kupima bati kwa mteremko wake badala ya eneo la chini linalofunikwa. Lingine ni kusahau kumwaga maji ya mwanzo, yenye vumbi na kinyesi cha ndege.

Baada ya hapo ndipo darasa liende Kariakoo, likiwa na daftari lililogawanywa kurasa mbili. Kushoto kinaandikwa kinachopimwa au kuonekana: nguzo, upepo, njia ya maji. Kulia kinaandikwa kinachojulikana kwa waraka au kwa ushuhuda wa wazee: nani aliamua, nani alilipa, nani alihama. Hakuna kuvusha jambo kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine bila ushahidi. Sheria ya mwaka 1971, iliyotaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, inakaa kulia. Ukiangalia ukuta wa ghorofa la Uhindini hutaiona. Nyumba zilizochomwa nazo zinakaa kulia, na mkabala wake ukurasa wa kushoto uachwe wazi, mwanafunzi auone huo uwazi.

Pingamizi moja silipuuzi. Mtihani unauliza miaka na majina, na mwalimu mwenye vipindi vya dakika 40 na mikondo mitano hana siku ya kuzungusha watoto mjini. Hilo ni kweli. Lakini vipimajoto na uzi vinachukua dakika tano mwanzoni mwa kipindi, kisanduku cha udongo kinajikausha chenyewe, na aya ya mwaka 1977 inasomwa kwa dakika tatu. Kinachohitaji muda ni walimu wawili kukaa pamoja mara moja kwa muhula na kukubaliana ni wiki gani mmoja atafundisha Azimio na mwenzake saruji, ili ziangukie wiki moja.