Lady Be Good: nyuzi 330 zilizosomeka pande mbili

Alasiri ya tarehe 4 Aprili 1943, ndege ya mabomu ya Marekani aina ya B-24D, Lady Be Good, iliruka kutoka uwanja wa Soluch karibu na Benghazi, Libya, kwenda kupiga bandari ya Naples. Ilibeba watu 9. Haikurudi, na waliotumwa kuitafuta waliamini imezama Mediterania. Mwaka 1958 watafuta mafuta waliiona ikiwa imelalia tumbo jangwani, karibu kilomita 700 kusini-mashariki mwa Benghazi. Redio ilikuwa inafanya kazi, bunduki zinafyatua, na ndani kulikuwa na chupa ya chai iliyokuwa bado inanyweka. Mtu hata mmoja hakuwemo.

Ubishi wa nani alikosea haujaisha hadi leo. Upande mmoja unamlaumu rubani, luteni William Hatton, na mwongozanjia wake, luteni D. P. Hays: walikuwa kwenye safari yao ya kwanza ya vita, wakapita juu ya uwanja wao wenyewe bila kujua. Upande wa pili unailaumu redio ya nchi kavu.

Saa 6 na dakika 12 usiku Hatton aliomba mwelekeo kutoka Benina, kituo cha redio karibu na Benghazi. Akajibiwa: nyuzi 330, yaani yuko kaskazini-magharibi mwa kituo, juu ya bahari, anakuja. Tatizo liko kwenye antena ya kitanzi, ile ambayo kituo hutumia kupima mwelekeo. Unapoizungusha, sauti ya ndege hufifia mara mbili katika mzunguko mmoja, na kati ya mfifio mmoja na mwingine kuna nyuzi 180. Ili kujua upi ni wa kweli unahitaji antena ya pili, ya wima, ambayo mawimbi yake yakiunganishwa na ya kitanzi hufuta upande mmoja. Bila hiyo, 330 na 150 ni jibu lilelile.

Sasa tupige hesabu, kwani wabishi wengi huiruka. Wafanyakazi wa ndege waliruka na miavuli karibu saa 8 usiku, kiasi cha kilomita 675 kutoka Benina. Kutoka saa 6:12 ni dakika 108. Kwa mwendo wa kilomita 300 kwa saa wangekuwa wamekwenda kilomita 540, maana yake walipoita Benina walikuwa wameshaipita kwa kilomita 135. Kwa kilomita 350 kwa saa, walikuwa wameipita kwa kilomita 45. Ili wawe kweli baharini, tuseme kilomita 60 kabla ya kituo, ingebidi ndege iende zaidi ya 400 kwa saa, mwendo ambao B-24 haiupati kwa kawaida isipokuwa upepo uisukume kwa nguvu kutoka nyuma. Upepo huo si wa kutunga: shajara ya rubani msaidizi, Robert Toner, inataja upepo wa kaskazini-magharibi kesho yake. Lakini injini zinapoanza kukosa mafuta mwendo hushuka, na hesabu inaegemea tena upande wa kwamba walishapita. Tena mabaki yamelala karibu kabisa na mstari wa nyuzi 150 kutoka Benina.

Kwa maoni yetu, basi, kituo kina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kilisoma upande usio wake. Hata hivyo hilo halimsafishi Hays. Kipimo kimoja hakitoi umbali, na njia ya kuvunja utata ilikuwa rahisi. Geuza ndege kwa pembe mraba, uelekee nyuzi 60, ruka dakika 10, kisha omba kipimo tena. Kama uko kaskazini-magharibi, 330 itapanda, 340 au zaidi. Kama umeshapita, itashuka kuelekea 320. Ukiwa kilomita 100 kutoka kituoni, badiliko ni karibu nyuzi 30, huwezi kulikosa. Ombi linalojulikana ni lile moja tu. Na mtu wa kituoni naye angeweza kuwaambia wageuze. Pale Soluch zilirushwa hata risasi za mwanga kuwaita, hawakuziona.

Lawama ya kuiacha ndege tunaiona haina uzito. Ndege yenyewe ilijishusha kilomita 26 mbele, injini moja ikizunguka, ikatua karibu nzima, na watu husema wangebaki ndani. Lakini wao walidhani chini ni maji. Walivaa majaketi okozi, na baadaye yalikutwa mchangani, yametupwa kama alama ya njia. B-24 ikitua majini huumia vibaya: milango ya chumba cha mabomu ni myepesi, hubonyea, maji hujaa na kiwiliwili hukatika. Kwa walichokijua, kuruka kulikuwa sahihi. Mwavuli wa mlenga mabomu, John Woravka, haukufunguka sawasawa. Akafa pale pale.

Wanane waliobaki walikutana gizani. Walikuwa na nusu chupa ya maji ya askari, chini ya nusu lita kwa watu wote, na shajara ya Toner inasema walinywa kifuniko kimoja kwa siku. Wakitembea kuelekea kusini wangekuta ndege yenye chakula na maji. Wakaenda kaskazini-magharibi, wakidhani pwani iko karibu. Tarehe 9 Aprili watano walishindwa kuendelea, na wenzao watatu, Shelley, Ripslinger na Moore, wakasonga mbele kutafuta msaada. Mabaki ya wale watano yalipatikana Februari 1960, karibu kilomita 130 kutoka kwenye ndege. Ya Shelley na Ripslinger yalipatikana Mei mwaka huohuo, zaidi ya kilomita 30 mbele yao. Moore hakutambuliwa rasmi hadi leo. Kutoka pale ilipolala ndege, Benina iko nyuzi 329. Upande walioushika haukuwa mbali na huo, ila pwani ilikuwa bado zaidi ya kilomita 500 mbele yao.