Tarehe kwenye skripti: saa ya Kampala au UTC?

Kuna ubishi ambao nikikaa na watu wa seva hapa Kampala lazima uzuke: skripti ya shell (faili la komandi ambazo kompyuta inazifuata yenyewe) ikiandika tarehe kwenye logi, yani kumbukumbu ya matukio, au kwenye jina la faili, iandike saa yetu au UTC, ile saa ya kulinganishia dunia nzima? Wengi watakujibu UTC hata kabla hujamaliza kuuliza. Mi nilikuwa upande wao miaka mingi, siku hizi nimehama, ila sio mzima mzima.

Kuna sehemu haina ubishi, tuimalize. Mpangilio uwe mwaka, mwezi, siku, yani komandi `date +%F`, unapata 2024-05-03. Ndo ISO 8601, kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe, ipo tangu 1988. Sisi tumezoea 03/05/2024 lakini Mmarekani hapo anasoma tarehe 5 mwezi wa 3, alafu huo mkwaju hauingii kwenye jina la faili kwa sababu mfumo unadhani ni folda, na ukiweka siku mbele `ls`, komandi ya kuorodhesha mafaili, inakurundikia bakapu za tarehe 1 za miezi yote pamoja, kupata ya jana ni kupekua.

Sasa saa. Wa UTC wana hoja nzito. Seva nyingi za kukodi zinakuja zimewekwa UTC tayari, na logi za seva mbili zikiwa UTC unazilaza pamoja zinaoana. Huko Ulaya tena saa inasogezwa mbele mwezi wa 3 na kurudishwa mwezi wa 10, na usiku wa kurudisha kuna saa nzima inayopita mara mbili, sasa logi ya saa hiyo utajuaje ni ya kwanza au ya pili? Hapo nawaelewa kabisa. Lakini Uganda hatusogezi saa. Kampala ni UTC+3 Januari mpaka Desemba, sawasawa na Nairobi, hata kwenye data za kanda za saa Africa/Kampala ni kiungo tu cha kwenda Africa/Nairobi. Hoja yao kubwa kwetu inabaki nyepesi.

Na UTC nayo ina gharama, nimeiona. Niliandika skripti ya kituo kimoja cha mafuta barabara ya Malaba, pale malori hayalali, usiku ndo foleni. Kila risiti ikiingia skripti inaibandika tarehe kwa `date +%F`, na seva ilikuwa UTC. Saa sita usiku yetu ikigonga, UTC bado ni saa tatu usiku ya jana, kwa hivo kila dizeli iliyouzwa kuanzia saa sita mpaka saa tisa usiku ilipewa tarehe ya jana, na mwezi ulipoisha mauzo ya usiku wa tarehe 1 Mei yakaingia Aprili. Daftari la dada wa kaunta likagombana na ripoti, na aliyeanza kuulizwa maswali ni yeye, banange, na hakuna hata shilingi iliyopotea. Tulipoweka saa za risiti na za skripti sambamba ndo tukaona tofauti ni masaa matatu kila mstari. Dawa ilikuwa neno moja mbele ya komandi: `TZ=Africa/Kampala date +%F`. Usiandike `TZ=EAT`, kifupi cha saa ya Afrika Mashariki, Linux hailijui hilo jina itakupa UTC tu, na `TZ=UTC+3` ndo mbaya zaidi kwa sababu alama hapo imegeuzwa, unarudi nyuma masaa matatu badala ya kwenda mbele.

Kwa hivo hesabu ya siku ya biashara mi nasema saa ya Kampala. Ila saa yetu ikiwa tupu, bila alama ya kuonyesha ni saa ya wapi, hapo narudi kwa wa UTC. Kigali na Goma wako UTC+2, na Juba saa yao ilikuwa sawa na yetu mpaka Februari 2021, wakahamia UTC+2. Lori linatoka hapa linashusha kule, logi inasema 14:05, ya nani? Andika `TZ=Africa/Kampala date +%FT%T%z`, inatoka 2024-05-03T14:05:00+0300, Linux na Mac zote zinaikubali, na mtu yeyote anaigeuza UTC akitaka. Kwenye jina la faili toa tu zile nukta mbili, flashi nyingi zinazikataa na `tar`, komandi ya kufungasha mafaili, inadhani umetaja jina la kompyuta nyingine.

Meseji ya kwenda kwa watu nayo ni habari ingine. Skripti ikituma "saa 8" ikimaanisha 08:00, mtu wetu anakuja saa nane mchana, awe anaongea Kiswahili au Kiganda, wote tunahesabu hivo. Chukua `h=$(TZ=Africa/Kampala date +%H)` alafu `$(( (10#$h + 6) % 12 ))`, ikitoka 0 andika 12. Hiyo `10#` usiiache, bila hiyo bash, shell ya kawaida kwenye Linux, inaona 08 na 09 kama namba za msingi wa nane inatoa kosa, unaipima skripti saa moja asubuhi inakubali vizuri, ikifika saa mbili inakwama.