Acheni kung'oa pampu ya vakyumu

Kuna mtindo umeingia kwa wenye magari ya zamani hapa Dar na mimi siupendi. Gari linanyooshwa bodi, linapigwa rangi ya oveni, kromu inasuguliwa hadi unaona meno yako, viti vinashonwa upya. Halafu unafungua boneti na kukuta kidude cheusi cha plastiki kilichotoka kwenye Corolla, kimefungwa kwa kamba ya plastiki pembeni ya betri, ndicho kinachorusha maji kwenye kioo cha mbele. Mwenye gari anakuambia hapo ameboresha. Mimi nasema amemziba mgonjwa mdomo ili asisikie anavyolalamika.

Nieleze kwanza, maana wengi waliozaliwa juzi hawajawahi kuiona pampu ya vakyumu, ile inayorusha maji kwenye kioo kwa mvuto wa injini. Magari mengi ya miaka ya 1950, ya Kimarekani na ya Kiingereza, kama yalikuwa na kirusha maji basi hakikuwa na mota. Kiliendeshwa na mvuto wa injini yenyewe. Ukiachia mafuta, kipepeo cha kabureta kinafunga. Pistoni zinaendelea kushuka zikitafuta hewa zisiyoipata, na ndani ya manifodi, yale mabomba yanayogawa hewa na petroli kwenye silinda, panabaki mvuto mkali. Injini ya petroli yenye afya, ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, kwenye usawa wa bahari, huonyesha kati ya inchi 17 na 21 za zebaki kwenye geji ya vakyumu. Nguvu hiyo ipo tu, hailipiwi. Watengenezaji wakaipa kazi: kuzungusha waipa, kusogeza taimingi (wakati wa cheche kuwaka) kwenye distribyuta, kusaidia breki, na kurusha maji.

Pampu yenyewe hukaa juu ya chupa ya kioo, mara nyingi ndani ya kifuniko chake. Ndani mna daiframu, yaani utando wa mpira, springi, na vali mbili ndogo zinazoruhusu maji kupita upande mmoja tu. Ukibonyeza kitufe kwenye dashibodi unafungua njia ya vakyumu, daiframu inanyanyuka, springi inabanwa, na maji yanapanda kutoka kwenye chupa kujaza nafasi iliyo chini yake. Ukiachia kitufe mvuto unakatika, springi inarudi taratibu, na maji yanasukumwa hadi kwenye nozeli. Yaani kinachorusha maji ni springi. Injini imeshamaliza kazi yake kwa kuikaza.

Hapo ndipo ninapoivulia kofia akili ya hao watu. Ubaya wa waipa za vakyumu unajulikana: ukipanda mlima ukakanyaga mafuta hadi mwisho, mvuto unashuka karibu na sifuri na waipa zinasinzia, pale pale unapozihitaji. Pampu ya maji haina shida hiyo kwa kiasi hicho. Ijaze kabla ya kilima, kisha kanyaga utakavyo, maji yatatoka tu. Wenzao wa Volkswagen walipita njia nyingine kabisa: kwenye Beetle walichukua upepo wa tairi la spea na kuutumia kusukuma maji, na wakaweka vali ya kukata upepo kabla spea haijalegea kupita kiasi. Nayo ni akili, ingawa katika mji wenye misumari kama huu wetu mimi upepo wa spea yangu nisingeugusa.

Jina kubwa katika biashara hii lilikuwa Trico, kampuni ya Buffalo, Marekani. Mwanzilishi wake, John Oishei, alimgonga mwendesha baiskeli mwaka 1917 akiendesha kwenye mvua bila kuona mbele, na tukio hilo likamwingiza kwenye biashara ya kusafisha vioo maisha yake yote. Waipa za vakyumu ziliendelea Marekani hadi mwaka 1972, kampuni ya magari ya AMC ikiwa ya mwisho kuziacha. Na asiseme mtu kuwa ni vitu vya magari ya maonyesho. Ford Zephyr iliyoshinda Safari Rally ya mwaka 1955, enzi ambazo mashindano yalipita Kenya, Uganda na hapa kwetu Tanganyika, ilikuwa gari la waipa za vakyumu. Matope ya wakati huo hayakuwa na huruma kuliko ya sasa.

Sasa turudi kwenye boneti. Fundi umeme mmoja wa Gerezani, kijana mwenye mikono mizuri kwa kweli, alinitazama nikihangaika na kifuniko cha chupa akanionea huruma.

"Mzee, hii kitu inakupotezea muda. Nikupe mota ya Corolla, waya mbili na swichi, tumemaliza."

"Na huu mpira unaokwenda kwenye manifodi?"

"Tunaziba na bolti."

"Unaziba upande gani?"

Akacheka. Alilielewa swali, na wengi hawalielewi. Ukiziba kwenye manifodi yenyewe, sawa, injini haitavuta hewa ya wizi. Lakini magari niliyofungua hapa mjini yamezibwa mwishoni, pale pampu ilipokuwa, na mpira wote wa zamani umeachwa ukipita nyuma ya dashibodi, mgumu kama ulivyo, umejaa nyufa. Hewa inaingia kupitia nyufa hizo, mchanganyiko wa petroli unakuwa mwepesi, sailensa inatetemeka, na gari linazima kwenye mataa. Mwenye gari anapeleka kwa fundi, fundi anafungua kabureta. Wiki ijayo anaifungua tena. Anabadilisha jeti, anabadilisha plagi, mwisho anasema petroli ya siku hizi ni chafu. Kumbe ugonjwa uko kwenye mpira wa pampu ya maji.

Kupima ni rahisi kiasi cha kukera. Injini ikiwa sailensa, bana kila mpira wa vakyumu kwa koleo, mmoja mmoja, karibu kabisa na manifodi. Ukibana mmoja na mlio wa injini ukabadilika ukatulia, huyo ndiye mwizi wako. Kuna dalili nyingine watu wanaipita bila kuiona: chupa inakauka na kioo hakijalowa. Daiframu ikipasuka, maji yanaweza kuvutwa na injini yenyewe, nayo inayanywa na kuyatoa kama mvuke kwenye ekzosi. Mtu anaona moshi mweupe, anaanza kuogopa gasketi ya silinda hedi.

Kwa hiyo ninapotetea pampu hii sitetei urembo. Kioo kinaweza kuoshwa na wale vijana wa kwenye mataa na chupa zao za maji ya sabuni, wala hawakuombi ruhusa. Ninachotetea ni kuwa pampu inakupa habari za injini kila unapobonyeza kitufe. Ikijaa upesi, mvuto upo. Ikianza kujaa kwa uvivu na mipira yote ni mizima, kagua taimingi, kagua valvu, pima kompresheni, kwa sababu ringi zilizokwisha hazivuti. Mota ya Corolla itarusha maji vilevile hata injini ikiwa mahututi.

Na tukiwa Dar tuna bahati ambayo hatuisemi. Vakyumu inategemea uzito wa hewa ya nje, na uzito huo unapungua unavyopanda, takriban inchi moja ya zebaki kwa kila mita 300. Mwenzangu wa Arusha, yuko kwenye mita 1,400 hivi, amepoteza inchi nne na zaidi kabla hata hajawasha gari. Sisi tuko chini kabisa, na kipimo chote ni chetu. Bahari inayoyala magari yetu kwa kutu inatulipa kidogo kwa upande huu.

Kuifufua hakuhitaji kuagiza kitu Uingereza, ingawa vifurushi vya matengenezo vipo kwa wenye subira na dola. Kifuniko hufunguka, kiliundwa kifunguke. Mara nyingi utakuta daiframu imekakamaa kama ngozi ya ngoma iliyosahauliwa juani na vali zimegandiwa na chokaa, hasa kama mtu alikuwa akijaza maji ya kisima. Chokaa inaondoka kwa siki au ndimu na maji ya vuguvugu. Usiloweke usiku kucha, vifuniko vingi ni vya aloi ya zinki na asidi inavila. Na tafadhali, ukimwona fundi anainua chupa ya asidi ya betri, mshike mkono. Petroli nayo iweke mbali na mpira wowote unaotaka kuubakiza.

Daiframu mpya nilikata kwa mkasi kutoka kwenye daiframu ya pampu ya mafuta ya gari la zamani, ile yenye kitambaa ndani ya mpira. Inavumilia mvuke wa petroli unaorudi kutoka kwenye manifodi. Wapo wanaotumia tyubu ya baiskeli. Inafanya kazi, lakini inavimba mapema na mimi siipendekezi. Kata tundu za skrubu kwa bomba jembamba lililonolewa, sio kwa msumari wa moto. Springi ioshe, ipake grisi ya silikoni kidogo, irudishe ilivyokuwa. Kabla ya kufunga kwenye gari, nunua bomba la sindano kubwa duka la dawa, lile la mililita 60, lichomeke kwenye njia ya vakyumu na uvute. Daiframu inyanyuke na ikae. Ikirudi huku bado umeshikilia bomba, kuna mahali panavuja, fungua tena. Mipira yote badilisha, hata ule unaoonekana mzima. Kariakoo mpira wa vakyumu unapimwa kwa mita, chagua wenye kuta nene, maana mwembamba unajikunja wenyewe mvuto ukiwa mkubwa.

Maji nayo yana maneno yake. Nchi za baridi walichanganya spiriti ili yasigande, hapa hatuhitaji. Sabuni ya unga inaziba nozeli. Mimi ninakinga maji yanayodondoka kwenye AC ya chumbani, hayana chokaa, ninayachuja kwa kitambaa, basi.

Nitakubali hoja moja ya wapinzani, na ninaikubali bila kinyongo. Kama gari lako la zamani ndilo unalokwenda nalo kazini kila siku, masika inapiga na Barabara ya Morogoro haionekani, waipa za vakyumu ni hatari na sitakulaumu ukiweka za umeme. Pale suala ni kuona mbele. Lakini waipa ni waipa, pampu ya maji ni pampu ya maji. Kubadilisha moja hakukulazimishi kutupa nyingine. Na magari mengi ya Kimarekani ya mwanzoni mwa miaka ya 1950 yana umeme wa volti 6, kwa hiyo mota yako ya volti 12 itakohoa tu. Nimeona mtu akibadilisha mfumo mzima wa umeme wa gari, dainamo, taa, hadi honi, na mwanzo wa safari yote ilikuwa kutaka kurusha maji kwenye kioo.

Kwa anayetaka kununua gari la namna hii, kipimo changu cha kwanza hakiko kwenye rangi. Muuzaji awashe injini, iache ipate moto, ishuke sailensa. Bonyeza kitufe cha maji. Injini itashtuka kidogo halafu itarudi. Achia, maji yaruke. Ikishtuka na isirudi hadi uachie kitufe, daiframu imepasuka, na unaweza kupunguza bei. Asipokuruhusu kukibonyeza, nenda kaangalie gari lingine.