Anayeandika “he was operated” ana sababu zake

Ingia wodi ya upasuaji huku Magharibi mwa Kenya saa ya kuwaona wagonjwa, usimame kidogo usikilize. Shangazi anamweleza mgeni kwa Kiingereza: “He was operated yesterday.” Mgeni anaitikia kwa kichwa, muuguzi anapita, hakuna aliyeshtuka. Sentensi hiyo hiyo ikiingia kwenye daftari la mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa Kakamega hupigwa mstari mwekundu, na pembeni mwalimu anaandika “on”. Basi. Mwanafunzi anaongeza hiyo “on”, anafunga daftari, na wiki inayofuata anaandika “the matter was dealt by the principal”, bila “with”.

Jioni huwa nawasaidia watoto wa mtaani kwetu kudurusu, na insha zao nimezisoma za kutosha. Wengi huwaona wavivu. Mimi naona wanafikiri vizuri tu, ila wanafikiri kwa Kiswahili, na hakuna aliyewaonyesha pale ambapo Kiswahili na Kiingereza huachana njia.

Tuanze na mvua, maana huku haitusahau. Mvua inanyesha. Ukitaka kumtaja mtu iliyemwangukia, unaongeza kiambishi kidogo ndani ya kitenzi: mvua imeninyeshea. Ukitaka huyo mtu ndiye atangulie, unasema nimenyeshewa. Neno moja, limekamilika, hakuna kilichobaki nje. Mwingereza naye husema “I was rained on”. Ile “on” ilikuwa na nomino yake, nomino ikahamia mwanzo wa sentensi, na hiyo “on”, yaani kihusishi, ikaachwa peke yake mkiani. Mtoto wa Kakamega ambaye alasiri za Aprili hufika nyumbani sare imelowa chapa ana wazo zima la sentensi hiyo tangu akiwa mdogo. Anachokosa ni huo mkia tu. Na ataachaje kuukosa, ikiwa katika lugha anayoiwazia kazi ya mkia inafanywa tumboni mwa kitenzi?

Kwa Kiingereza mkia ndio hubeba maana. Yatima akiwa “looked after” ametunzwa. Akiwa “looked down on” amedharauliwa. Kesi yake ikiwa “looked into” inachunguzwa, na mwalimu wake akiwa “looked up to” anaheshimiwa. Sisi tuna vitenzi vinne tofauti kabisa, wao wana kimoja chenye mikia minne. Sasa mtoto akiandika “the orphan was looked by his grandmother”, msomaji hajui kama bibi alimlea au alimkodolea macho.

Sentensi iliyonifanya niandike makala haya ilitoka kwenye insha ya msichana mmoja kuhusu wezi wa steji ya Kisumu: “My mother was stolen her phone.” Mwalimu aliikata yote, akaandika juu yake “My mother’s phone was stolen”. Kisarufi sina ubishi. Lakini angalia kilichotendeka: mama ametolewa kwenye kiti cha mbele, simu imekalishwa hapo. Msichana hakuwa anaandika habari za simu. Alikuwa anaandika habari za mama yake, aliyebaki steji hana nauli wala namna ya kumpigia mtu. Kiswahili kinamruhusu kufanya hivyo bila jasho, mama aliibiwa simu. Tena sisi ni wakali hapo: ukisema mama aliibwa, watu watakimbilia kituo cha polisi wakidhani ametekwa nyara. Kiingereza nacho kina njia ya kumwacha mama mbele, “my mother was robbed of her phone”, na hiyo ndiyo mwalimu alipaswa kumpa. Kitenzi kingine, kihusishi kimebaki, na mama yuko alipotakiwa kuwa.

Hapa ndipo naona hasara kubwa. Kauli ya kutendewa, hii ya nimenyeshewa na aliibiwa, ni mali yetu, na inakwenda mbali kuliko ile ya Kiingereza. Mtu hufiwa na mume. Mtu huharibikiwa na gari pale Chavakali usiku, akapigiwa simu, akatumiwa pesa za fundi. Hata kuchelewa, ambako siku hizi hatukutafakari, kumetokana na kucha: aliyechelewa ni yule aliyekuchiwa akiwa bado njiani. Mwingereza hana “I was died on” ya kumwambia mtu matangani, hutafuta neno jingine kabisa. Mtoto aliyekulia katika lugha kama hii hawezi kushindwa na “I was rained on” kwa kukosa akili. Tena wengi wa watoto ninaowasomesha ni Waluhya, na lugha za Kiluhya, zikiwa za Kibantu, zina kiambishi cha namna hiyo hiyo. Kwa hiyo anaijua habari hii mara mbili kabla hajakaa kwenye dawati.

Halafu kuna ile sheria ya walimu wa zamani, kwamba sentensi ya Kiingereza haiishi kwa kihusishi. Mwaka 1672 mshairi John Dryden alimlaumu mwandishi mwenzake Ben Jonson, ambaye alikuwa kaburini miaka 35, kwa kumalizia sentensi namna hiyo, na lawama hiyo imesafiri hadi Butere na Webuye. Katika kauli ya kutendwa, kama ile ya “was operated on”, sheria hiyo haitekelezeki. “The doctor was sent for” huwezi kuigeuza ianze na “for”. Mtoto mtiifu aliyeambiwa asimalize kwa kihusishi, na papo hapo ameambiwa atumie kauli ya kutendwa, ana njia moja tu: anakifuta. Tunamfundisha kosa, kisha tunamwadhibu kwa kulitenda.

Na muundo huu wa kutendwa wenye kihusishi mkiani si kwamba Waingereza walizaliwa nao. Kiingereza cha kale hakikuwa nao, ulianza kuonekana katika maandishi ya karne ya 13. Mfaransa hadi leo hana sentensi kama hiyo, atazunguka na “on a fait venir le médecin” (watu walimwita daktari) au kitu kama hicho, na Mjerumani naye hawezi kumtanguliza daktari halafu akakiacha kihusishi mwishoni. Kwa hiyo Mkenya anayejikwaa hapo ana wenzake wengi wa Ulaya.

Cha ajabu ni kwamba mtoto huyu huyu hutahiniwa jambo hili mara mbili kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, bila yeye kujua. Karatasi ya pili ya Kiingereza ina swali la sarufi la alama 15, humo ataambiwa aandike upya sentensi au ajaze kihusishi. Karatasi ya pili ya Kiswahili ina matumizi ya lugha, alama 40, na mnyambuliko wa vitenzi haukosi kuhitajika. Walimu wa masomo haya mawili hunywa chai katika chumba kimoja. Ni wangapi waliowahi kuketi wakakubaliana kwamba wiki ambayo mmoja anafundisha kutendea na kutendewa, mwingine aingie na “paid for” na “broken into”? Pia tujikumbushe kwamba katika shule nyingi tulizosoma aliyethubutu kusema Kiswahili siku ya Kiingereza alivishwa kibao cha aibu shingoni. Ni vigumu kuitumia lugha kama ngazi huku umeitangaza kuwa kosa.

Nikijaribu njia hii na watoto, jambo linalowachangamsha zaidi ni kwamba lugha hizi mbili hukataa mambo yale yale. Kiingereza kinakubali “a conclusion was arrived at”, lakini “Kisumu was arrived at” kinaitema. Nikawauliza kwa Kiswahili. Makubaliano yamefikiwa? Sawa, redioni tunayasikia hayo kila jioni. Kisumu imefikiwa na matatu saa mbili? Wakacheka. Kisha mmoja akaeleza bila kuulizwa: makubaliano hayakuwepo hadi watu walipoyafikia, lakini Kisumu ipo tu, matatu ifike isifike. Sikuwa na la kuongeza. Kadhalika kitanda kilicholaliwa kinaonekana, shuka zimekunjamana, ndiyo maana “this bed has been slept in” inakubalika. Kitu kinachotangulizwa sharti kiwe kimeguswa na tendo.

Wako watakaosema hii ni kuwachanganya watoto, wafundishwe Kiingereza kwa Kiingereza. Wamefundishwa hivyo miaka yote, na matokeo ndiyo ile “was operated” ya wodini.

Kuna jambo moja ambalo Kiswahili hakiwezi kuwapa, nami huwaambia mapema. Kiambishi chetu ni kimoja kwa kazi zote, ile ya “on” na ya “for” na ya “into”, kwa hiyo hakikuonyeshi uchague kihusishi gani. Vingine hatuvihitaji hata kidogo: sisi mtu huchekwa tu, wao ni lazima awe “laughed at”. Hapo ni kukariri, kitenzi na mkia wake pamoja, kama wanavyokariri nomino na ngeli yake.