Sikuufua Upanga kwa Sabuni ya Unga

Kwanza niweke jambo moja sawa. Sikuufua upanga kwa sabuni ya unga, wala sikuuanika kwenye kamba. Hayo ni maneno ya rafiki yangu, yule tunayemwita Redio Mbao, ambaye tangu juzi usiku ameshawasimulia wote waliokuwepo dojo, yaani ukumbi wetu wa mazoezi, wasiokuwepo, na sasa naona amehamia kwa watu ambao upanga kwao ni wa kufyekea majani tu. Kila akisimulia anaongeza kitu. Toleo la jana lilikuwa na beseni.

Hakukuwa na beseni. Nilitumia dodoki la waya, lile la kusugulia masufuria. Na dawa ya kung'arishia shaba.

Haya, chekeni. Mkimaliza tuendelee.

Mnaonifuata mnazijua habari za upanga huu, maana niliwachosha nao mwezi mzima. Kwa aliyeingia leo: huu ni mwaka wangu wa tatu kwenye iaido, sanaa ya Kijapani ya kuchomoa upanga, na muda wote huo nimekuwa nikitumia iaito, upanga wa mazoezi wa aloi ya zinki na aluminiamu, usio na makali. Lakini kila anayefanya mazoezi haya hufikia siku akaanza kuota upanga wa kweli, chuma kilichokunjwa na kufuliwa kwa nyundo. Sensei wetu, yaani mwalimu, ameturudia mara mia ushauri wa wakusanyaji wote: kabla ya kununua upanga, nunua vitabu.

Mimi nikanunua upanga. Vitabu nikasema nitaazima.

Niliupata kwa mtu binafsi, hauna cheti. Ala imepasuka mdomoni, nyuzi za mpini zimeoza, lakini ubapa wenyewe unameremeta. Nakago, yaani lile shina la chuma linalojificha ndani ya mpini, ilikuwa nyeusi tii, na chini ya ule weusi kulikuwa na mikwaruzo iliyokaa kama maandishi. Muuzaji akaniambia kwa upole, "Kuna kitu kimeandikwa hapo, ila mimi sivijui hivi vitu." Leo hii nakwambia yule bwana anavijua kuliko Sensei.

Usiku ule ule kiherehere kikanipanda. Nikakitoa kile kijiti cha mwanzi kinachoshikilia mpini, nikaweka nakago chini ya taa, nikaona herufi moja imejitokeza nusu. Nikajiambia, nasugua kidogo tu niisome. Mnaijua hiyo kidogo. Ni sawa na mtu anayevuta uzi mmoja wa sweta. Saa mbili nzima nilisugua, nikipuliza, nikipaka dawa, nikisugua tena, mpaka nakago yote ikawa kama kijiko kipya. Na herufi zikatoka. Nikazifananisha moja moja na picha kwenye simu, na jina lilipokamilika nikasimama nikakaa, nikasimama tena.

Kotetsu.

Kwa wasiomjua, Nagasone Kotetsu ni mfua panga wa Edo, Tokyo ya leo, karne ya 17, aliyeanza kama mfua deraya, akaja kuwa mmoja wa mafundi wakubwa wa zama zake. Saa nane usiku nikamtumia Redio Mbao picha, nikaandika, "Ndugu yangu, usimwambie mtu." Hilo nalo ni kosa langu, lakini tuliache.

Bahati, au balaa, Ijumaa hii Sensei alikuwa amemwalika mzee mmoja mkusanyaji, mtu aliyezeeka na panga hizi, aje atazame vitu vyetu. Nikajua Mungu amepanga.

Tulikaa mduara, magoti mkekani. Mzee akatandika kitambaa mbele yake, akaning'iniza balbu moja tupu usawa wa macho, mwanga wa pembeni ukazimwa. Wa kwanza kuonyesha alikuwa dada mmoja mwenzetu aliyerithi upanga wa babu yake. Mzee akauvua mpini, akaonyesha muhuri mdogo kwenye nakago, ukubwa wa punje ya mchele: upanga wa kijeshi wa wakati wa Vita Kuu ya Pili, haukufuliwa kwa njia ya jadi. Dada akapokea kwa adabu. Nami nikamwambia "pole sana, dada," kwa ile sauti ya mtu ambaye ana Kotetsu kwenye begi.

Hiyo pole naomba muikumbuke.

Ikafika zamu yangu. Niliinama mpaka paji likagusa mkeka. Nikampa Mzee upanga, makali yakielekea kwangu kama tulivyofundishwa, na hilo ndilo jambo pekee nililofanya sawasawa usiku ule. Akauchomoa alani polepole, hakusema neno. Juu ya upanga uliovuliwa watu hawasemi, tone la mate likidondoka linaleta kutu. Mimi nikasema. Nikamweleza historia ya ala, historia ya muuzaji, mawazo yangu kuhusu chuma. Sensei akanitazama. Nikanyamaza, halafu nikakumbuka jambo moja nikaliongeza.

Mzee akauelekeza ncha kwenye balbu, akatazama uso wake kwa kuuinamisha taratibu. Nilijua anatafuta hamoni, ule mstari mweupe unaotembea kando ya makali, unaotokea chuma kilichopakwa udongo kinapozimwa kwenye maji. Ule wa kughushi kwa tindikali hukaa juu juu, kama umechorwa kwa chokaa. Wa kweli una kina, una vichembe vinavyong'aa kama umande, ukiinamisha vinawaka na kuzimika. Akakaa nao muda mrefu. Kisha akafanya "mmh." Si mmh ya kukataa, ni ile ya mtu aliyeonja kitu kizuri. Jamani, kichwa kilivimba. Nikamgeukia Redio Mbao, nikamkonyeza.

Mzee akatoa kipimo, akapima kutoka ncha mpaka kile kikato cha mgongoni. "Sentimita hamsini na nane," akasema. "Hii ni wakizashi, upanga mfupi."

Mwezi mzima nilikuwa nawaambia ninyi, mama yangu, na watu wa foleni, kwamba ninayo katana, ule upanga mrefu. Katana huanzia shaku 2 za kipimo cha Kijapani, yaani sentimita 60.6. Mimi nilikuwa nimepima mpaka mwisho wa nakago.

Hapo mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikasema, "Lakini Mzee, Kotetsu alitengeneza wakizashi pia." Na ni kweli alitengeneza, nilisoma.

Mzee akashusha upanga. "Nani kasema Kotetsu?"

Redio Mbao akakohoa. Sensei akafumba macho.

"Basi tuione nakago," akasema Mzee, akanirudishia. "Toa wewe, kijana. Ni wako."

Sasa hapa ndipo nitaenda polepole, kwa sababu usiku wa pili huu nikilala naona yale yale.

Nikagonga kijiti cha mwanzi kwa kinyundo, kikatoka. Namna ya kuvua mpini ni hii: unashika upanga wima kwa mkono wa kushoto, kisha kwa ngumi ya kulia unapiga kifundo cha mkono ulioshika. Mtikisiko unainua nakago ndani ya mpini, unashika, unavuta. Nilishafanya mara kumi nyumbani.

Nikapiga. Kimya. Nikapiga tena kwa nguvu zaidi. Kimya. Kumbe mabaki ya ile dawa ya shaba yalikuwa yamekauka ndani ya mpini yakawa gundi. Nikapiga mara ya tatu, kifundo kikiniuma mpaka machozi, nikitabasamu kama mtu anayefurahia. Mara ya nne ikasikika *kwap*, upanga ukaruka kama sentimita tatu, unga mweupe ukamwagika kutoka mdomoni mwa mpini ukatua kwenye kitambaa cha Mzee. Harufu ya dawa ikatanda. Si kila harufu inafaa chumba hicho. Humo hunukia mafuta ya karafuu, ambayo ndiyo hupakwa panga zisishike kutu, na sasa kilinukia stoo ya vyombo.

Nikavuta. Nakago ikatoka.

Mwanga wa balbu ukaigonga, ukaruka. Sitanii. Kipande cheupe cha mwanga, pembe nne, kikatua darini. Mkono wangu ulikuwa unatetemeka kwa zile ngumi, kwa hiyo na chenyewe kikawa kinacheza. Watu wote saba wakainua nyuso kukitazama. Nikajaribu kuutuliza mkono, kikashuka ukutani, kikapita juu ya ile karatasi ya maandishi ya Kijapani, kikampita Sensei begani, kikaenda kutulia katikati ya paji la uso la Mzee. Akakunja jicho moja. Hakusogea. Na mimi, kwa sababu zisizojulikana na binadamu, sikukiondoa.

Sijui tulikaa hivyo muda gani. Redio Mbao anasema sekunde thelathini, kwa hiyo tufanye tano.

"Umetumia nini?" Mzee akauliza, kwa sauti ile ya daktari anayemuuliza mgonjwa amekunywa nini.

"Nimeisafisha kidogo tu, Mzee."

"Kidogo," akasema.

"Na dodoki. La waya."

Dada wa upanga wa kijeshi akageukia ukuta. Mabega yake yalikuwa yanacheza. Ile pole yangu ilikuwa inarudi nyumbani.

Mzee hakukasirika, na bora angekasirika. Alinieleza taratibu, mbele ya wote, kama mtoto. Kwamba nakago haisafishwi, haijawahi kusafishwa, haitasafishwa. Kwamba ile kutu nyeusi hukua kwa mamia ya miaka na ndiyo inayoonyesha umri wa chuma, pamoja na mikwaruzo ya tupa ya fundi, na wewe ukisugua vyote vinaondoka. Kwamba jina la Kotetsu limeghushiwa mno hata Wajapani wana msemo: ukiona Kotetsu, hesabu ni bandia. Mtu yeyote kwa patasi anaweza kuchonga jina. Kondo Isami mwenyewe, kamanda wa Shinsengumi, kikosi cha samurai cha karne ya 19, inasimuliwa alijivunia Kotetsu, na wengi wanaamini ulikuwa wa kughushi, kwa hiyo nina mwenzangu. Ila Kondo hakuwa na dodoki.

"Jina la uongo si msiba," Mzee akaendelea. "Upanga ukipelekwa kule Tokyo kwa chama cha kuhifadhi panga, hawautolei cheti ukiwa na jina bandia. Wenye nao huamua kulifuta, kisha upanga huhukumiwa kwa chuma chake na kutu yake. Kutu ni shahidi." Akaitazama nakago yangu inavyometa. "Wewe mwanangu umemuua shahidi, ukamwacha mwongo."

Hilo sasa ndilo jina langu dojo. Muua Shahidi. Jana nimeitwa hivyo mbele ya mtoto wa darasa la pili.

Lililonimaliza lilikuja mwisho, wakati anaupaka mafuta. "Na upanga wenyewe," akasema, kama anajisemea, "ni kazi nzuri. Wa zamani kweli."

Afadhali ungekuwa bandia. Bandia ningeweza kutukana muuzaji.

Yaliyofuata niyapitishe haraka. Niliomba radhi kwa Mzee, kwa Sensei, kwa dada. Sensei kanirudisha kwenye iaito hadi atakaposema yeye. Muuzaji nilimpigia, hapokei. Ukitaka kuniuliza kama kutu inaweza kurudishwa kwa siki au chai ya rangi, Mzee ameshakataza kabla sijauliza, alinisoma usoni. Upanga upo kabatini, umepakwa mafuta kwenye ubapa, nakago imeachwa ipate kutu yake yenyewe. Nikihesabu, itakuwa tayari mimi nikiwa nimeshakuwa udongo.

Jana mazoezini Mzee alikuja tena. Tulipokaa mduara, Redio Mbao akainuka na mfuko wa hariri wa kuwekea upanga, umefungwa fundo lile rasmi kabisa, akausogeza kwa mikono miwili mpaka mbele ya kitambaa, akainama. Mzee akaufungua. Ndani kulikuwa na dodoki la waya, jipya.

Nilidhani atamfukuza. Mzee akalichukua kwa ncha za vidole, akawasha balbu, akaliinamisha upande huu, akaliinamisha upande ule, akakaa nalo muda mrefu.

"Mmh," akasema. "Hili ni la kweli."