Sarara ya Kitimoto Isilazwe Usiku Kucha

Bucha nyingi za kitimoto hapa Mwanza, kuanzia Igoma mpaka Nyegezi, zina utaratibu mmoja: nguruwe anakatwakatwa kwa panga, mbavu, mguu na mafuta vinachanganywa, unapimiwa kilo yako. Humo imepotea sarara, ile minofu miwili mirefu iliyolala upande wa ndani wa uti wa mgongo, laini kuliko nyama yote ya mnyama huyo. Inaishia kwenye karai la mafuta pamoja na mifupa, inakaangwa mpaka inakakamaa, halafu tunasifia pilipili. Huo ni uharibifu. Ongea na mwenye bucha mapema, kabla panga halijaanza kazi, akuachie sarara nzima.

Uharibifu mwingine tunaufanya nyumbani, tena kwa nia njema. Tumezoea kwamba nyama ikilala usiku kucha kwenye viungo ndiyo inakolea. Kwa paja la mnyama mzee, sawa. Sarara haihitaji. Kitunguu saumu na tangawizi vinabaki juujuu hata uvipe siku nzima; kinachopenya hasa ni chumvi. Ndimu ikikaa muda mrefu inaipausha nyama na kuifanya ya chengachenga. Na wanaoweka papai bichi au nanasi bichi, hapo ndipo ninapogomba kabisa. Matunda hayo yana vimeng'enya, papaini na bromelaini, vinavyovunja protini. Kwenye nyama ngumu ni msaada. Kwenye sarara unaamka asubuhi unakuta rojo.

Mimi naipa saa moja, zikizidi mbili: soya sosi vijiko 2 kwa nusu kilo, tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa, pilipili manga, nusu ndimu. Sukari hapana, itaungua kabla nyama haijaiva. Kisha naifuta ikauke, naiweka nzima kwenye mafuta kidogo ya alizeti, moto mkali, naigeuza mpaka ipate rangi pande zote. Napunguza moto, nafunika kama dakika 12.

Ubishi upo kwenye kuiva. Wizara ya kilimo ya Marekani tangu 2011 inasema nyama ya nguruwe isiyosagwa ikifika nyuzi joto 63 ndani na kupumzishwa dakika 3 inatosha, hata ikibaki na wekundu kidogo. Huku kwetu nguruwe wengine bado wanazurura na tegu yupo, kwa hiyo mimi nafika 70, na sinunui nyama isiyo na muhuri wa mkaguzi. Unyevu kidogo unaopotea, sosi itaufidia.

Na sosi ndiyo yenyewe. Nyama ikitoka, usioshe kikaango! Ule ukoko wa kahawia ulioganda chini ndio mtaji. Mwaga mafuta yaliyozidi, kaanga kitunguu maji na hoho, mimina siki vijiko 3 na maji kidogo, kwangua kwa mwiko mpaka chini pawe safi. Nanasi linaingia sasa, limekatwa vipande vidogo, pamoja na maji yake. Bromelaini haihimili moto, kwa hiyo halina ubaya tena. Likiwa limeiva vizuri, sukari kijiko kimoja kinatosha. Likiwa chachu, ongeza asali. Liache lichemke mpaka sosi ishike mwiko, rudishia maji yaliyochuruzika kwenye sahani ya nyama, onja. Ukijikuta umefumba jicho moja, siki imezidi.

Tomato sosi ya chupa, inayomiminwa ili rangi iwe nyekundu, siielewi. Inaleta utamu wa dukani na kufunika kila kitu. Ukwaju nauelewa: ukikosa siki, loweka, kamua, tumia huo.

Kata nyama vipande vinene kiasi cha kidole, mwagia sosi. Wali unakubali, ndizi za kuchoma pia, ila mimi ni ugali wa muhogo, unavyoizoa sosi hauachi kitu. Kachumbari ya ndimu tuliyozoea kwenye kitimoto, iache siku hiyo; uchachu tayari upo. Sosi ikibaki, kesho yake imwagie sato wa kukaanga, mradi mgeni wako naye awe mla kitimoto na umemwambia kilichomo.